Umeona nyumba, hujamuona mwenye nyumba: mwongozo kamili wa kutafuta nyumba ya kupanga mtandaoni Mombasa bila kulizwa

Nimeandika hii manake mwezi huu peke yake watu watatu ninaowajua wamelizwa pesa za nyumba, na wote watatu walikuwa wanaijua ile kauli ya kila mtu, usitume pesa kabla hujaiona nyumba. Waliiona. Waliingia mpaka ndani, wakafungua kabati, wakapiga picha wakamtumia mama, wakalipa, na siku ya kuhamia wakakuta mlango unafunguliwa na mtu mwingine kabisa.

Mimi ni wa nne ila yangu ni ya zamani kidogo, nitaieleza tukifika hatua ya 5.

Kwa hivyo ile kauli haitoshi. Kabla pesa haijatoka mfukoni lazima ujibu maswali matatu: nyumba ipo kweli? Iko wazi, yani hakuna mtu ana haki nayo sasa hivi? Na huyu anayenipa namba ya kulipa, ana ruhusa ya kuipokea hiyo pesa? Watu wengi wanajibu la kwanza wanachoka, na wakora wa siku hizi wanajua hivyo, ndio maana nyumba wanakuonyesha bila wasiwasi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye bando na chaji ya kutosha, na iwe na Google Lens.
- Chaja ya simu, ya kujaribu kila soketi.
- Kipande cha sabuni ya mche. Usicheke, utaona kazi yake.
- Daftari na kalamu. Kwa simu utaandika halafu upoteze.
- Nauli ya kwenda na kurudi, na siku mbili za kuzunguka.
- Mtu wa kwenda naye ambaye haitaki hiyo nyumba. Hii ni muhimu kuliko vyote, manake wewe uliyechoka kulala kwa binamu macho yako hayaoni vizuri.
- Kopi ya kitambulisho chako, ila isitoke mkobani mpaka hatua ya 6.

Pesa ya dipoziti iache mahali ambapo huwezi kuitoa kwa dakika mbili. Ikiwa iko M-Pesa ihamishie benki. Ukishawishiwa pale mlangoni, ile safari ya kuitoa ndiyo itakupa nafasi ya kufikiria.

## Hatua ya 1: Jua bei ya mtaa kabla hujafungua tangazo lolote

Chagua mitaa miwili au mitatu, isizidi. Halafu tembea. Vibao vya vyumba vya kupanga vimejaa kwenye mageti ya Bombolulu, Mlaleo, Kiembeni, Mikindani, na hata Tudor ndani ndani, na vingi havijawahi kufika Facebook. Piga simu tano za vibao hivyo uandike bei, dipoziti, na kama maji yamo kwenye renti ama ni kando.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba bei ya chini ndiyo chambo. Ukiona "bedrum mbili Nyali karibu na City Mall, maji tamu saa 24, wifi, parking, swimming pool, 12,000 tu" na wewe hujui bei za pale, roho inaruka. Aliyetembea anajua kwamba kwa hiyo 12,000 Nyali akipata bedsita, yani chumba kimoja tu, ameshukuru Mungu.

Halafu Nyali ya matangazo si Nyali ya kweli. Nyali ya matangazo inaanzia darajani inaishia Mtwapa, ambayo hata si Kaunti ya Mombasa, ni Kilifi. Tangazo likisema tu "Nyali" bila jina la barabara wala steji, liweke alama ya kuuliza.

Ukimaliza hatua hii, mtu akikutajia mtaa na aina ya nyumba unaweza kukisia bei ukiwa umekosea kwa elfu moja mbili hivi. Ukiwa bado unashtuka na kila bei unayoisikia, rudi barabarani.

## Hatua ya 2: Ikague posti bila kumpigia mtu simu

Kaa chini, angalia picha polepole, na ujiulize hii nyumba iko joto gani.

Nimeona kwa macho yangu tangazo la nyumba ya Bamburi ambayo sebuleni ilikuwa na mahali pa kuwashia moto wa kuni. Moto, Bamburi! Sisi tunalala na feni imefunguliwa mpaka mwisho na shuka tumeitupa chini. Nyumba ya Mombasa ina dalili zake: feni kwenye dari au angalau ndoana yake, neti za mbu madirishani, grili, na ikiwa iko karibu na bahari hizo grili zina kutu kidogo hata zikiwa zimepakwa rangi juzi. Soketi zetu ni za matundu matatu mapana. Ukiona soketi ya matundu mawili ya duara, hiyo picha imetoka nje ya nchi.

Baada ya hapo piga skrinshoti, ifungue na Google Lens, utafute picha kama hiyo. Mara nyingi itakurusha kwenye hoteli, ama nyumba inayouzwa nchi nyingine, ama posti ileile ikiwa na mtaa tofauti na bei tofauti. Isipoleta kitu usifurahi sana, maana yake ni kwamba picha haijaibiwa mahali Google inapajua, basi.

Kisha chukua namba ya simu iliyo kwenye posti uiandike kwenye kutafuta ya Facebook na ya Google. Namba moja kutangaza nyumba Kisauni, simu za bei poa na mikopo ya haraka, vyote kwa wiki moja? Achana nayo. Kama ni ukurasa wa Facebook, ufungue uangalie ile sehemu inayoonyesha uliundwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Mmoja niliouangalia ulikuwa ukurasa wa mikeka ya mpira mpaka miezi miwili nyuma, leo ni wa "nyumba safi Mombasa".

Kati ya posti kumi ukibaki na mbili tatu, umefanya kazi nzuri. Ukibaki na zote kumi hujakagua.

## Hatua ya 3: Piga simu, na uwe na maswali ya mtego

Piga, usichati. Mtu anayechati ana muda wa kutunga. Mazungumzo na tapeli huwa yanakwenda hivi:

"Hallo dada, nyumba bado iko lakini harakisha, kuna mwengine yuwaja saa kumi na pesa zake mkononi."

"Sawa, naja saa hii. Nikishuka steji naingia na njia gani?"

"Wewe tuma kwanza 500 ya fomu, halafu nikutumie lokesheni."

Hapo kata simu. Hakuna nyumba ambayo njia ya kuifikia inauzwa.

Asipokuomba pesa, muulize vitu ambavyo mtu wa pale tu ndiye anavijua: tuktuk itaniacha wapi, maji yanakuja siku gani, tokeni za stima ni za mita yangu peke yangu ama tunagawana, duka la karibu liko upande gani. Halafu weka mtego. Sema kitu ambacho umekitunga wewe, kwa mfano, "Ni ile flati ya bluu nyuma ya petroli stesheni, si ndio?" Tapeli atasema ndio ndio hiyohiyo, manake anataka uendelee. Keteka wa kweli, yani mtunza nyumba wa mwenye ploti, hana subira hiyo, atakukaripia: "Bluu gani? Hapa hakuna bluu, kwani wewe uko wapi?" Ukikaripiwa hivyo furahi.

Ukiwa na wasiwasi bado, omba video kol ya hapohapo. Mwambie afungue mfereji wa jikoni uone maji, kisha atembee mpaka getini atoke nje uone barabara. Video iliyorekodiwa haina maana, yaweza kuwa ya mtu mwingine. Na akikuambia bando lake dogo, mwambie utamtumia ya 50, uone atakavyopata sababu nyingine.

Kuna pia yule wa "mimi niko Doha, nyumba ni yangu, ufunguo utaletwa na kuria ukishalipa". Huyu anatushika sisi watu wa Pwani sana manake kila familia ina mtu Doha ama Muscat ama Jeddah, kwa hivyo habari yake inaingia akilini bila kubisha hodi. Mwenye nyumba aliyeko Arabuni kweli ameacha mtu hapa, awe ndugu, keteka ama ofisi, na huyo mtu anaweza kukufungulia mlango bure.

## Hatua ya 4: Nenda mwenyewe, mchana, na mtu wako

Kutana naye getini kwenye nyumba. Asikuambie mkutane steji akupeleke na boda, manake ukifika kwa kuzungushwa vichochoro hutajua hata kurudi kuuliza majirani. Kama nyumba iko Likoni, hesabu muda wa feri ili usifike magharibi ukaoneshwa vyumba kwa tochi.

Kuhusu pesa ya kuonyeshwa nyumba najua watu wanabishana. Wengine wanasema yeyote anayeomba ni mwizi, mimi nasema si kweli, wako ajenti wanaozunguka juani siku nzima na wanakula kwa hiyo 500. Kanuni yangu ni kwamba inalipwa baada ya kuona, mkononi, pale getini. Ajenti anayekataa kulipwa baada ya kazi anajua ni kwa nini anakataa.

Ukiwa ndani, sasa toa ile sabuni. Nawa mikono jikoni na bafuni. Sabuni ikitoa povu vizuri, maji ni tamu. Ikiteleza tu na kuacha utando, hayo ni maji ya kisima yenye chumvi, na kama tangazo lilisema maji tamu basi ushajua jinsi watu hawa wanavyoongea, sio lazima uwe wizi lakini punguza imani. Jaribu soketi zote na chaja. Angalia namba ya mita ya stima uiandike. Uliza bili ya maji ina jina la nani.

Unatakiwa utoke hapo na video yako mwenyewe ya nyumba, namba ya mlango, namba ya mita, na shilingi zako zote isipokuwa labda hiyo 500.

## Hatua ya 5: Mtafute anayestahili kupokea pesa

Hapa ndipo tunapoliwa. Ngoja nieleze yangu.

Ilikuwa Bamburi, upande wa Mtambo, bedrum moja ghorofa ya pili. Kijana nadhifu, funguo mkononi, soja wa geti anamsalimia. Nyumba imejaa vitu. Akaniambia ni vya dadake aliyehamia Muscat, vitatolewa Ijumaa. Kwenye friji kulikuwa na karatasi yenye pasiwadi ya wifi na chini yake imeandikwa, "Karibuni wageni, tafadhali zimeni AC mkitoka." Kitandani taulo mbili zimekunjwa umbo la bata, wameangaliana. Nikacheka hao bata, nikawapiga picha, ninayo mpaka leo. Nikalipa 30,000, kodi 15 na dipoziti 15.

Jumamosi nimefika na pikapu, godoro limefungwa juu kwa kamba, nabisha, anafungua baba mmoja na kaptula, mkewe yuko nyuma, wametoka Nakuru kuja likizo, wananiuliza kama mimi ndiye naleta kiamshakinywa.

Yule kijana alikuwa ameikodi kwa siku tatu kama mgeni yeyote wa Airbnb, na kwa siku hizo tatu aliionyesha kwa watu sijui wangapi. Soja alimsalimia kwa sababu kila mgeni husalimiwa. Na mama anayeuza mahamri hatua kumi kutoka pale nilipotuma pesa aliniambia, "Hio nyumba ni ya wageni mwanangu, wabadilika kila siku tatu." Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hivyo fanya hivi.

Uliza watu wawili ambao ajenti hakuwachagua. Mama wa mahamri, mwenye duka, mpangaji anayeanika nguo. Muage ajenti kwanza, zunguka, rudi peke yako. Na uliza swali la wazi: "Hii ploti ni ya nani? Renti munalipa kwa nani, na munalipaje?" Usiulize "ni ya Bwana fulani, sivyo?" kwa sababu watu wetu ni wapole, watakuitikia ndio ili usione haya.

Linganisha njia ya kulipa. Mpangaji akikuambia wanalipa kwa akaunti ya benki ama Paybill, yani namba ya M-Pesa ya biashara, ya ofisi fulani, na wewe umepewa laini ya simu ya kawaida, simama hapohapo. Zikilingana, umepata ushahidi mzuri kuliko karatasi yoyote, manake karatasi zinachapishwa lakini jirani aliyelipa mwezi jana hachapishwi.

Angalia dalili za nyumba ya wageni. Pasiwadi ukutani, sabuni ndogondogo, taulo za bata, kabati halina hata nguo moja. Nyumba iliyojaa samani na "vitatolewa" ni ya kuuliza maswali mara mbili.

Keteka aonyeshe, lakini apokee? Keteka wengine wameruhusiwa kupokea, wengine hawajaruhusiwa, na wengine walifutwa kazi wakabaki na funguo. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyopewa na mpangaji. Ile ya keteka yaweza kuwa ya shemejiye amekaa nyuma ya ploti anasubiri kuitikia "ndio mimi lendilodi".

Mpangaji anayehama ni mtego mwingine, na anaweza hata asiwe mtu mbaya. Anakuambia, "Dipoziti yangu iko kwa lendilodi, nirudishie wewe halafu uingie." Lendilodi hakujui, huenda kuna madeni ya miezi mitatu, na dipoziti ilishaliwa na hayo madeni. Kubali tu kama mwenye nyumba mwenyewe amekuandikia mkataba mpya unaosema dipoziti ni yako.

Sasa kuna jambo la Mombasa ambalo miongozo ya kutoka bara huwa inakosea. Wanasema omba hati ya ardhi uone jina. Hapa kwetu kuna nyumba bila ardhi, si unajua, mtu ana nyumba yake halali ya Kiswahili pale Majengo lakini kiwanja ni cha mwingine na yeye analipia ardhi. Huyo hana hati na si tapeli. Muombe risiti za kulipia ardhi na umuulize jirani.

Nyumba nyingine ni za wakfu, hasa Mji wa Kale. Kama umeambiwa ni ya wakfu, jua ni wakfu gani, na kama inasimamiwa na Tume ya Wakfu, ofisi yao iko hapa Mombasa, enda ukaulize nani mpangaji wao na kama anaruhusiwa kupangisha. Na za urithi, baba amefariki watoto saba, mmoja anapangisha na sita hawajui. Huyo muombe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, ama uzungumze na ndugu angalau wawili. Ukiingia nyumba ya ugomvi utalipa kodi mara mbili kwa mwezi mmoja, utakuwa unaamkiwa asubuhi na mjomba usiyemjua.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika kwenye daftari sentensi moja: nyumba ni ya fulani, renti inapokelewa na fulani, na nimeambiwa hivyo na watu wawili wasiofaidika na mimi kulipa. Ukishindwa kuiandika, nyumba haipo, hata kama umeigusa.

## Hatua ya 6: Mkataba kwanza, pesa baadaye

Mkataba si lazima uwe wa wakili, kurasa mbili zinatosha. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya pande zote, namba ya nyumba, kodi, dipoziti, tarehe ya kuingia, dipoziti inarudi kwa masharti gani, namba ya kulipia, sahihi na shahidi. Soma hiyo namba ya kulipia mara mbili. Jina la kwenye kitambulisho lilingane na la kwenye mkataba na lilingane na la kwenye M-Pesa.

Kujua jina la kwenye M-Pesa ni rahisi. Anza kama unamtumia shilingi kumi, jina litatokea kabla pesa haijaondoka, lisome halafu katiza. Truecaller isikudanganye, pale mtu anaweza kujiita "Lendilodi Kiembeni" na kesho awe "Pasta".

Utasikia maneno. "Tuma kwa namba ya mke wangu, yangu imejaa." M-Pesa inabeba mpaka 500,000, hebu fikiria kodi yako ya 9,000 inakosa vipi nafasi. "Weka tu 2,000 ya kuishika." Mimi sishikishi. Kama ni ofisi na wanatoa risiti yao iliyoandikwa masharti ya kurudisha, fikiria, lakini kwa mtu binafsi kamwe.

Ofisi za ajenti nazo ziulize namba ya usajili. Kazi ya kuuza na kupangisha nyumba za watu ina sheria yake, Sura ya 533, na bodi inayosajili mawakala. Ajenti wengi wa mtaani hawamo, hilo nalijua na wewe walijua, lakini yule aliyejiita "kampuni" na nembo ya dhahabu kwenye profaili anafaa aweze kujibu.

Lipa pale pale ufunguo ulipo, kwa njia moja, kwa namba iliyo kwenye mkataba, na uchukue risiti hata kama umetuma kwa simu. Ukilipa taslimu bila risiti umetoa sadaka.

## Hatua ya 7: Siku ya ufunguo

Ingia siku hiyohiyo ikiwezekana, hata na ndoo na mkeka tu. Nyumba iliyolipiwa na kukaa tupu wiki moja inaonyeshwa wengine.

Jaribu kila ufunguo kwenye kila mlango. Kisha badilisha kitasa cha mlango mkubwa, kwa ruhusa, na hicho cha zamani ukiweke umrudishie mwenye nyumba ukihama. Nunua tokeni kidogo uone zinaingia kwenye mita uliyoiandika. Piga video ya kuta na nyufa ili usije ukazilipia mwakani. Usiku wa kwanza ukilala na hakuna aliyebisha kuuliza wewe ni nani, nyumba umeipata.

## Ukiwa uko mbali na unahamia Mombasa

Usitafute nyumba ukiwa Kisumu ama Nairobi. Najua unataka kufika na kuingia. Njoo na mkoba mmoja, ukishuka treni ya SGR Miritini ama basi, lala lojing usiku mbili tatu, ufanye hatua 1 mpaka 6 kwa miguu yako. Hiyo pesa ya lojing inauma lakini haifikii dipoziti. Kama ni lazima mtu akutazamie, awe jamaa yako wa damu ama rafiki wa miaka, na umpe huu mwongozo, hasa hatua ya 5, manake jamaa wengi wakitumwa "kuangalia nyumba" wanaangalia rangi ya ukuta.

## Ukiwa tayari umelizwa

Usimpigie kumtukana, atakublok na chati zitapotea. Kwa mpangilio huu:

1. Ile meseji ya M-Pesa ifowadi nzima kwenda 456 ya Safaricom dakika hiyohiyo kuomba pesa irudishwe. Kama bado iko kwenye laini yake kuna nafasi, akishaitoa kazi imekuwa ngumu. Piga pia 100.
2. Piga skrinshoti za posti, profaili, chati zote na namba, kabla hajafuta.
3. Nenda kituo cha polisi cha eneo lenye nyumba, uandikishe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha ripoti cha polisi. Kosa ni kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, kifungo mpaka miaka mitatu. Ukikitaja husikilizwa tofauti kidogo, nimejaribu.
4. DCI, yani wapelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203.
5. Rudi kwenye ile nyumba umwambie soja na majirani, ubandike karatasi getini wakikuruhusu. Mimi nilifanya hivyo na wiki hiyohiyo walizuia wengine wawili waliokuja na pikapu.

Na siku mbili tatu baadaye utapigiwa simu na mtu anayejua kwamba uliibiwa, anajua mpaka kiasi, anasema yuko "kitengo cha kurudisha pesa" na anataka 1,000 tu ya kufungua faili. Huyo ni yuleyule ama rafikiye. Akikutumia meseji usiijibu, ifowadi 333 ya Safaricom, ni bure.